Nilipokosa Sauti ya Kuombea

Kwetu Makete, milimani bara, rovu la shingoni halikuwa ugonjwa. Bibi yangu alikuwa nalo, mama alikuwa nalo, na mwalimu wangu wa darasa la pili alikuwa nalo kubwa hadi sisi watoto tukadhani ukisomea ualimu unapewa na rovu. Kwa hiyo shingo yangu ilipoanza kujaa, nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, nilijitazama kwenye kioo nikasema haya, na mimi sasa nimekuwa mtu mzima. Nikanunua mitandio mipana, maisha yakaendelea.

Shida ni kwamba sikuwa Makete. Nilikuwa Mafia, nafundisha shule ya msingi hapa Kilindoni, na watu wa hapa wanakula samaki tangu wakiota meno, rovu hawalijui. Jirani yangu Bi Zaituni, mzaliwa wa kisiwa hiki na mkaangaji samaki anayejulikana mtaa mzima, ndiye aliyeanza kunisumbua.

"Mwalimu, huo mzigo wa shingoni wautua lini?"

"Kwetu huu ni urembo, Bi Zaituni."

"Urembo gani wakukohoza hivyo? Mie nakusikia hadi jikoni kwangu."

Nilicheka. Naandika haya kwa ajili yako unayecheka hivyohivyo sasa hivi, mwenye uvimbe shingoni au kwingine na mtandio wa kuufunika. Naandika pia kwa ajili yako uliyekwisha kuambiwa jina la ugonjwa wako, ukabaki kwenye benchi la hospitali hujui mikono yako uiweke wapi. Mambo ya kitaalamu waulize madaktari. Mimi nitakueleza yaliyonikuta.

Kwanza ujue sauti yangu ilikuwa kitu gani kwangu. Darasani sikuhitaji fimbo, niliita jina la mtoto mara moja na madawati ya nyuma kabisa yakanyamaza. Kanisani mimi ndiye niliyeongoza maombi. Usharika wetu ni mdogo, wengi ni watumishi kutoka bara, walimu, wauguzi na askari, na nikishika maombi ya Jumapili watu waliopita barabarani walijua Wakristo wameanza. Sisemi kwa majivuno. Watu walinitafuta niwaombee. Mtu akifiwa, akisafiri, mtoto wake akifanya mtihani, walikuja kwa Mama Faraja, nami nilikuwa na maneno tayari kwa kila jambo.

Tena nilikuwa mtu wa kujipanga. Kwenye usharika wa watumishi, barua ya uhamisho inaweza kumkuta mtu Jumatano, na Jumapili kinanda kikakosa mpigaji. Mchungaji mwenyewe huvuka kutoka bara pale ratiba na bahari vinaporuhusu. Basi tuna mtindo wetu: kila kazi ina mtu wa pili. Mpiga kengele ana mtu wa pili, msoma matangazo ana mtu wa pili, hata mama anayefua vitambaa vya madhabahu ana mwenzake anayejua vinakunjwaje. Mtindo huo niliusimamia mimi, na wageni walipousifu nilitabasamu tu. Nilikuwa nikiwaambia wanakwaya kwamba Mkristo mwenye akili hangoji jambo limfike ndipo aanze kutafuta kiatu.

Sauti ilipoanza kukatika katikati ya somo, nilinunua tangawizi. Ilipoanza kukatika katikati ya maombi, mume wangu alinikatia tiketi ya boti bila kuniuliza. Baba Faraja ni fundi wa maji, mtu wa maneno machache, na maneno aliyosema siku hiyo yalikuwa, "Kesho tunavuka."

Hospitali kubwa ya Dar es Salaam ina benchi refu la bluu nje ya chumba cha koo na shingo. Nalijua kila ufa. Tulikaa pale mara nyingi katika mvua za vuli, tukipimwa, tukirudishwa, tukichomwa sindano shingoni, tukingoja majibu, na kila mara nilikuwa nikiwachangamsha wagonjwa wenzangu na kuwaombea mmojammoja. Kuna baba mmoja kutoka Rufiji alinishika mkono akasema nimempa moyo. Nilirudi kuketi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Ndipo tukaitwa.

Daktari alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwanzo. Alivuta kiti akakaa karibu, na nilipoona anavuta kiti nikajua.

"Mama, hili si rovu la kawaida. Ni saratani."

Nilisikia neno hilo vizuri kabisa, na nikaangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vimepakwa rangi upande mmoja tu.

"Inatibika," alisema. "Aina hii tunaiona na watu wanapona. Lakini imeugusa mshipa unaoendesha sauti. Tutajitahidi. Sauti siwezi kukuahidi."

"Nitarudi kazini shule zikifunguliwa?" nikamuuliza.

Hilo ndilo lililonitoka. Sikulia, sikumwita Mungu. Niliuliza habari za shule kufunguliwa, na mume wangu akaniwekea mkono mgongoni akaubakiza pale mpaka tulipofika getini. Nilikuwa kama niliyepigwa kofi na mtu nisiyemjua. Mpaka leo nikikumbuka chumba kile naona kiatu.

Tulipangiwa upasuaji baada ya wiki chache, nami nikafanya nilichokijua, nikajipanga. Nikarudi Kilindoni nikamkabidhi dada mmoja muuguzi maombi ya Jumapili, nikamfundisha mpangilio wake, wagonjwa kwanza, wasafiri, viongozi wa nchi, wafiwa. Nikawapa walimu wenzangu maandalio yangu ya masomo. Nikajaza mtungi wa gesi, nikaweka mchele na unga wa kutosha, nikampikia Baba Faraja maharage ya kugandisha. Watu walinisifu, wakasema huyu mama anaumwa kwa akili.

Kitu cha mwisho katika mpango wangu kilikuwa Faraja. Ndiye mtoto wetu wa pekee, anasoma chuo Dar, mwaka wa pili wa uhasibu, amepanga chumba Mbagala. Mchana wa siku ya kulazwa nilimkalisha kitandani kwake, mimi nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamwambia kwamba kama sauti itaondoka basi anisikie sasa. Nikampa yote. Nilianza na masomo, nikaja kwenye kuchagua marafiki, nikaja kwa wanaume, hapo nilikaa muda mrefu, nikaja kwenye akiba, nikamaliza na maombi. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza nikawa nameza maji kila baada ya sentensi. Kuna mahali alinikatiza.

"Mama, na mimi nina..."

"Subiri nimalize, mwanangu. Sauti hii naihesabia."

Akasubiri. Nilipomaliza nikaomba juu ya kichwa chake maombi marefu ambayo hadi leo naamini yalikuwa mazuri. Baba yake akagonga mlango kuwa gari limefika, tukaondoka.

Niliamka baada ya upasuaji nikiwa na bomba shingoni na kiu ambayo sijawahi kuiona. Muuguzi akaniuliza, "Mama, unanisikia?" Nikataka kujibu Bwana asifiwe. Ikatoka hewa. Nikajaribu tena, kwa nguvu, ikatoka hewa ileile, kama kufungua kopo la soda lililokwisha gesi. Muuguzi akanipapasa bega akasema nisijilazimishe. Baadaye midomo na ncha za vidole vikaanza kufa ganzi na kuwashwa, wakaniambia ni upungufu wa madini fulani, wakanipa vidonge vikubwa vyenye ladha ya chaki. Nilimeza chaki maisha yangu yote ya ualimu kwa pua, sasa naimeza kwa mdomo. Faraja alikuja kila siku na uji, ananipangusa, ananibadilisha shuka, ananyamaza. Nilidhani ananionea huruma.

Nyumbani Mafia tukaanza maisha ya kikombe na kijiko. Nikihitaji kitu nagonga kikombe. Siku za mwanzo Baba Faraja alikuja mbio. Baadaye akaja akitembea. Siku moja niligonga kwa ajili ya maji, kisha kwa ajili ya dirisha, kisha kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua, akasimama mlangoni akasema, "Mama Faraja, mimi si mhudumu wa hoteli." Nilimtumia ujumbe wa simu, yeye akiwa sebuleni mimi chumbani, wenye maneno ambayo sitayaandika hapa. Akajibu. Nikajibu. Tuligombana hivyo kwa vidole, nyumba ikiwa kimya kabisa, hadi simu yake ikaisha chaji. Halafu akaja akakaa miguuni kwangu akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama yake. Kama unamuuguza mtu, au unauguzwa, mtagombana. Msidhani mapenzi yamekwisha.

Lakini lililonitisha kuliko yote lilikuwa kanisani.

Jumapili ya kwanza waliniketisha mbele, wakanipungia, wakaimba. Dada muuguzi akashika maombi, akafuata mpangilio wangu neno kwa neno. Nikafumba macho niombe pamoja naye moyoni. Hapakuwa na kitu. Sitii chumvi. Niliita moyoni, "Ee Bwana," na baada ya hapo hapakuja neno la pili. Nilizoea kusikia sentensi yangu ya kwanza ndipo ya pili ifuate, na ya kwanza sikuisikia. Nikajaribu nyumbani peke yangu kwa ile hewa yangu ya kunong'ona. Nilijisikia mjinga. Miaka yote nilimwombea kila mtu, na siku niliyomhitaji Mungu mwenyewe, sikujua nampataje bila koo langu. Niliogopa, nakwambia kweli. Saratani ilinitisha mwili tu. Hili lilinifanya nijiulize kama niliwahi kumwomba yeyote, au nilikuwa nikiwasomesha watu huku nimefumba macho.

Kila kazi katika usharika wetu ilikuwa na mtu wa pili. Mimi kuomba kwangu hakukuwa na njia ya pili.

Ndipo ukaja wakati wa kujiandaa na dawa ya mionzi. Inamezwa mara moja, lakini kabla yake unaachishwa kwa wiki kadhaa vile vidonge vya kila siku vinavyofanya kazi ya tezi ya shingo iliyotolewa, na wiki za mwisho hutakiwi kula chochote chenye madini joto. Muuguzi wa Dar alinisomea: samaki hapana, dagaa hapana, pweza na kamba hapana, mayai na maziwa hapana, chumvi ya dukani hapana. Akaniuliza, "Mama unakaa wapi?" Baba Faraja akajibu Mafia. Akatuangalia kwa huruma akasema, "Mungu awasaidie."

Bila vidonge mwili uliganda. Nilivaa sweta kwenye joto la Kilindoni, uso ukavimba, nikiinua sahani mkono unaomba ruhusa. Na mwaka huo Kwaresima ilikuja pamoja na Ramadhani. Ukikaa na majirani Waislamu unajua maana yake. Magharibi ikiingia, sahani zinaanza kupita uani: mihogo ya nazi, tambi, na kwa Bi Zaituni, samaki. Samaki wa kupaka, samaki wa kukaanga, supu ya pweza ya kunirudishia nguvu. Kila jioni Baba Faraja alipokea kwa shukrani akaenda kula jikoni, amejificha, na mimi harufu ikinifuata chumbani na kiazi changu kisicho na chumvi. Alinenepa mume wangu.

Bi Zaituni akaja kujua. Alikuja mwenyewe baada ya futari, kanga begani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

Nikanong'ona, "Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba. Ati samaki wangu huli?"

Baba Faraja akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari gani huyo amkataza mtu wa Mafia samaki? Akija hapa kisiwani atakula mawe?" Kisha akanigusa kovu kwa kidole, taratibu, kitu ambacho hata mimi nilikuwa sijathubutu kukifanya. "Haya, tutakupikia majani. Na hizo sala zenu? Wewe ulisikika hadi sokoni. Siku hizi kimya. Umeacha?"

Nikamwonyesha koo.

"Koo nalijua. Nauliza sala." Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, hakuwa akinitania. "Sie adhuhuri na alasiri twasali kimya. Imamu mwenyewe humsikii. Wadhani hatusali?"

Nilitikisa kichwa kwamba hapana, sidhani hivyo. Lakini nilishtuka. Nimeishi ukuta mmoja na mama huyu miaka mingi, namsikia akitia udhu mchana, kisha kimya, na sikuwahi kujiuliza kimya kile kina nini ndani yake. Alipoondoka nilibaki nimekaa. Sikugeuka kuwa Mwislamu, asije mtu akaniandikia. Niliona aibu tu kwamba nilikuwa nimewekeza kila kitu mahali pamoja, mimi bingwa wa kujipanga.

Basi nikaamua kufanya kama ninavyomfanyia mtoto wa darasa la kwanza asiyejua herufi. Huyo simwambii aandike insha. Asubuhi nilikaa na jina la mtu mmoja, sisemi chochote juu yake, nakaa nalo tu. Mchana nilipumua. Jioni nilitafuta kitu kimoja cha kushukuru, na kuna jioni kilikuwa ni kiazi. Siku nyingi sikuhisi lolote. Nilifanya hivyohivyo, maana nilijua ninakokwenda kuna chumba cha peke yangu, na nilitaka nikifika nisianze kutafuta kiatu.

Kama una wiki chache kabla ya matibabu, nakusihi usizimalizie zote kwenye mchele na mtungi wa gesi. Jifunze kukaa na Mungu katika hali ambayo ugonjwa utakuacha nayo. Kama utakuwa huoni, jifunze ukiwa bado unaona. Kama utakuwa hulali, tafuta mapema cha kufanya na macho yaliyo wazi. Mimi nilianza nimechelewa, na kidogo kile nilichopata ndicho kilichonibeba.

Chumba chenyewe huko Dar kilikuwa na kitanda, choo, dirisha lisilofunguka na alama ya njano mlangoni. Dawa ililetwa ndani ya kopo zito la chuma, na aliyeileta alivaa glavu akasimama mbali nilipoimeza. Kile asichotaka kukigusa mimi nilikimeza. Baada ya hapo chakula kiliachwa mlangoni, na muuguzi alizungumza nami kutoka nje. Niliruhusiwa simu, imevikwa mfuko wa nailoni, na pakiti ya pipi za ndimu za kunyonya ili mate yasikauke. Nazikumbuka pipi zile kwa upendo.

Siku ya kwanza nilimkasirikia kila mtu. Siku iliyofuata nilirudi kwenye utaratibu wangu, na asubuhi ile jina lilikuwa la Faraja. Maisha yangu yote nilipomwombea mwanangu nilimpa Mungu maelekezo: mlinde na hiki, mpe kile, mwondolee yule. Sasa sikuwa na maelekezo. Nilikaa na jina lake kwenye kimya kile, pipi mdomoni, na bila kuitafuta nikaisikia sauti yake mwenyewe. *Mama, na mimi nina.*

Nilisimama. Nina nini? Alikuwa na nini mtoto huyu? Miezi imepita, mimi nimeshavuka bahari mara kadhaa, na sentensi ya mwanangu imebaki palepale nilipoikata. Nikamwandikia kupitia nailoni: *Ile siku ulitaka kuniambia nini?*

Jibu likaja: *Nitakwambia ukitoka Mama.*

Mpango wa kutoka niliupanga mimi, kwa hiyo ulikuwa mzuri. Nisingepanda boti na watu mpaka mionzi ipungue, ningekaa chumbani kwa Faraja Mbagala, yeye angelala upande wa mlango, mimi dirishani, tungepeana nafasi. Baba Faraja angekuja kunichukua baadaye. Siku ya kutoka muuguzi alinipima kwa kifaa chake, akaniruhusu, akanitoa kwenye korido ndefu isiyo na watu. Mwisho wa korido alisimama Faraja na begi na kapu la chakula. Amevaa gauni pana. Nikampungia, akaanza kuja.

"Hapo hapo kwanza, dada," muuguzi akamwambia. "Wewe ndiye unayekaa na mama?"

"Ndiyo."

"Ni lazima nikuulize, tunawauliza wote. Una mimba, au unahisi una mimba?"

Nilitabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kumkonyeza kwamba asijali, ni maswali yao tu.

Faraja aliangalia sakafu. "Ndiyo," akasema.

"Ya miezi mingapi?"

"Inakwenda wa tano."

"Basi usisogee, mionzi itamdhuru mtoto. Rudi nyuma kabisa, pale kwenye benchi la mwisho. Mama, na wewe kaa hili la huku."

Nikakaa. Kati yetu palikuwa na korido nzima. Nikafungua mdomo, na ninakumbuka vizuri kila nilichotaka kusema, maana kilikuja chote kwa mkupuo: chuo, ada, baba yako, kanisa litasema nini, nilikukalisha pale kitandani nikakwambia, nani, nani huyo. Ikatoka hewa. Nikajaribu tena mpaka koo likauma. Hakuna hata neno moja lililofika kwake. Watu huniambia leo kwamba ilikuwa rehema. Siku ile sikuiona rehema. Nilikasirika, nikapiga benchi kwa kiganja.

Kisha nikahesabu miezi. Uji ule wa hospitali alioniletea, akinibadilisha shuka, amenyamaza, alikuwa nayo. Ile siku nimekaa juu ya ndoo nikimfundisha habari za wanaume, alikuwa nayo. Alikuwa anatapika asubuhi anakuja kunishika mimi nitapike. Na habari za baba wa mtoto zina mahali pake, si hapa.

"Mama," Faraja akaita kutoka kule, sauti inarudi ukutani. "Sema chochote. Nitukane basi, kama unaweza."

Nikafumba macho. Sikuomba kwa maneno, sikuwa nayo. Nilikaa na jina lake kama nilivyojifunza, mara ile likiwa na mwenye jina anayelia mbele yangu, na nikamngoja Mungu kama ninavyomngoja mtoto anayetafuta jibu, bila kumtajia. Muuguzi alikuwa ameondoka nilipofumbua.

Nikachukua simu. Nikaandika ujumbe mrefu nikaufuta. Nikaandika mwingine, ulikuwa na neno *kwa nini* mara tatu, nikaufuta nao. Kisha nikaandika neno moja nikalituma, nikasikia simu yake inalia mwisho wa korido.

*Umekula?*

Alilisoma akiwa amesimama. Akakaa chini polepole, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika. Alipoinua kichwa alisema, "Bado, Mama. Tangu jana."

Nikamwonyesha kapu kwa kidole. Kula.

Alitoa chapati na maharage, akagawa. Akaniletea fungu langu hadi katikati ya korido, akaliweka sakafuni juu ya kanga pamoja na ufunguo wa chumba chake. Yeye angelala kwa rafiki yake. Akarudi kwenye benchi lake ndipo mimi nikaenda kuchukua. Tulipopishana namna ile nilimwona tumbo kwa mara ya kwanza, dogo, limekaa juu, kama langu nilipokuwa na yeye.

Tukawa tumeketi, kila mtu na chakula mapajani. Faraja alifumba macho akaningoja. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuombea chakula mimi nikiwepo. Alingoja, kisha akafumbua jicho moja, akanikuta namtazama, midomo yangu imefungwa. Nikamwitikia kwa kichwa.

Akafumba tena. Sauti yake ilikuwa ndogo, na korido ile tupu ikaniletea yote.

"Bwana, asante kwa chakula. Utubariki sisi watatu."